Kabla ya kununua mashine ya kuchora vibao vya shaba

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kazi ndogo za mikono ambazo kijana anaweza kuzianza bila karakana kubwa. Nilifurahi kuona uchoraji wa vibao vya shaba, yaani kukata maandishi ndani ya shaba yenyewe, umetajwa, maana ni nadra kazi yetu kukumbukwa. Lakini kuna sentensi moja iliyonikaa kifuani tangu siku ile: kwamba anachohitaji mtu ni kifaa kimoja cha umeme chenye nguvu ya kutosha, na mengine yatafuata. Chini yake mkaweka maelezo ya kijana aliyenunua kifaa hicho, akaharibu vibao tisa mfululizo, na sasa anafikiria kukiuza na kuachana na kazi yenyewe. Ninaandika kwa ajili yake.

Nimechora vibao kwa miaka 31. Vya milangoni, vya vikombe vya washindi, vya namba za mashine, vya saa za ukutani, vya kumbukumbu za marehemu. Kibao kikubwa ninachopokea hakizidi kiganja, na kidogo kabisa kina upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwa kazi za ukubwa huo nguvu ya kifaa ni jambo la mwisho kuulizwa. Shaba si chuma cha reli. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuikata kwa mkono mtupu akipewa ncha kali, na mtu mzima mwenye mashine kubwa atashindwa akiwa na ncha butu au kibao kinachocheza.

Nianze na shaba yenyewe, kwa sababu nashuku vibao tisa vya kijana yule viliharibika kabla hajawasha kitu. Watu husema "shaba" kana kwamba ni kitu kimoja. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na mchanganyiko huo una ndugu wengi. Ipo ile ya sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, laini, inayokubali kukunjwa na kubonyezwa bila kupasuka. Ipo nyingine yenye shaba nyekundu karibu asilimia 59, zinki 39, na madini ya risasi kiasi cha 2. Hiyo ya pili ndiyo yetu. Madini ya risasi hayachanganyiki na shaba moja kwa moja. Hukaa ndani yake kama vitone vidogo sana vilivyotawanyika. Chombo kinapokata, kile kinachobanduka hukatikia kwenye vitone hivyo na kuanguka kama chenga za mchanga. Ile ya 70 kwa 30 haikatiki hivyo. Inavutika, inajiviringa, inanata kwenye ncha, na kila upande wa mstari inaacha ukingo ulionyanyuka kama tuta kando ya mfereji. Mtu akiona matuta hayo hudhani mkono wake ni mbaya.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Geuza kibao, chukua kona ya nyuma, sukuma ncha kali kama milimita tano. Chenga fupi zikiruka, una shaba ya kuchorea. Ukiona unyuzi mrefu unaojikunja, na kidole chako kikikwaruzwa ukipitisha juu ya mstari, hiyo ni ya kukunjia. Nayo inachoreka, nimeichora mara nyingi mteja alipoleta kibao chake mwenyewe, ila inadai ncha iliyong'arishwa zaidi na mkato usio wa kina kikubwa kwa mara moja. Ninaongeza neno moja la afya: kwa sababu ya yale madini ya risasi, usipulize chenga kwa mdomo. Zifagie kwa brashi laini, na uoshe mikono kabla ya kugusa kitu kingine. Na miwani ivaliwe. Chenga ya shaba ni nyepesi na inaruka mbali kuliko unavyofikiri.

Sasa niwasimulie kosa langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuchagua chombo.

Mwaka wangu wa nne au wa tano kazini nililetewa kibao kidogo cha kuwekwa kwenye kabati la vitabu, kumkumbuka mwalimu aliyefariki. Mistari mitatu: jina, miaka aliyofundisha, na maneno mafupi kutoka kwa wanafunzi wake. Nilikuwa nimepata mashine yangu ya kwanza yenye ncha ya almasi isiyozunguka, ile inayoburutwa tu juu ya shaba. Nilikuwa nimeipenda kupita kiasi. Herufi zilitoka nyembamba, nyeupe, zinazong'aa kama umande. Familia ilifurahi, nami nikafurahi.

Miaka sita baadaye binti wa yule mwalimu alirudi na kibao kilekile mkononi, amekifunga kwenye leso. Mtu aliyekuwa akisafisha chumba kile alikuwa mwaminifu kwa kazi yake: kila wiki alikipaka dawa ya kung'arisha shaba na kukisugua. Dawa hizo zina unga laini unaokwangua, vinginevyo zisingeng'arisha. Jina lilikuwa limekwisha. Ukikielekeza kwenye taa kwa mshazari uliona kivuli cha herufi mbili tatu, basi. Dada yule hakunilaumu. Aliniuliza tu kama yaliyoandikwa yanaweza kurudishwa palepale bila kubadilisha kibao. Sikuwa na jibu la haraka.

Ncha ya almasi inayoburutwa haikati. Inaisukuma shaba pembeni na kuacha mkwaruzo wa kina cha visehemu viwili au vitatu vya mia vya milimita. Almasi ndiyo ngumu kuliko yote, haichakai upesi, na kwa sababu haizunguki haitoi chenga wala haihitaji kubadilishwa mwendo. Ni chombo kizuri kweli kwa kibao kilichopakwa vanishi kitakachokaa kwenye kikombe ndani ya kabati la vioo, au kwa herufi za urefu wa milimita mbili ambazo kisu cha mashine kinachozunguka kingeziziba. Lakini kibao kitakachosuguliwa hakiwezi kutegemea mkwaruzo. Na hakishiki rangi. Ukitia rangi nyeusi ndani ya mkwaruzo ule, kitambaa cha kwanza kinaondoka nayo.

Kwa hiyo siku hizi mteja akija simuulizi kwanza anataka maandishi ya namna gani. Namuuliza kibao kitakaa wapi na nani atakisafisha. Jibu la swali hilo ndilo linaloniambia mkono wangu uende kwenye rafu ipi. Cha nje, kitakachopigwa na mvua na kusuguliwa, hupewa mfereji wa kina cha milimita 0.2 hadi 0.3, na kama kibao kina unene wa milimita 1.5 au zaidi naweza kushuka kidogo tena. Cha ndani ya kabati, mkwaruzo unatosha. Cha namba ya mashine itakayopata mafuta na joto kila siku nakikata kwa kina na siweki rangi kabisa.

Kijana wetu alinunua kile kifaa cha kushika mkononi chenye ncha inayozunguka, kinachouzwa pamoja na kisanduku cha vijiwe na vidude vya kila umbo. Makala ikasema herufi zake zilitoka kama za mtu anayetetemeka. Hakutetemeka. Kijiwe kile cha mviringo kinazunguka upande mmoja. Meno yake yanapoigusa shaba yanaishika, na kijiwe kinataka kutembea juu yake kama gurudumu barabarani. Ukikipeleka upande mmoja kinakuvuta, ukikirudisha kinakusukuma. Mstari ulionyooka unaweza kuvumilia kidogo ukiubana kwa rula. Herufi O haivumilii, kwa sababu ndani ya mzunguko mmoja mkono wako unavutwa, unasukumwa, unatupwa kushoto, kisha kulia. Herufi S ndiyo mbaya kuliko zote. Kuongeza nguvu ya mota hakuondoi mvuto huo, kunauzidisha. Wapo mafundi wanaochora vizuri kwa kifaa hicho, nawajua na nawaheshimu, lakini walijifunza kwa miaka na hufanya zaidi maua na vivuli kuliko herufi. Kwa jina la mtu, lenye herufi zinazotakiwa kulingana, si mahali pa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni kalamu ya chuma. Ninaiita hivyo kwa kuwa ndivyo mzee aliyenifundisha alivyoiita: fimbo nyembamba ya chuma kigumu, ncha yake imekatwa mshazari, na nyuma ina mpini mfupi wa mbao kama kofia ya uyoga unaokaa ndani ya kiganja. Husukumwa kwa kiganja, wala haigongwi. Kidole gumba kinakaa juu ya kibao kama breki. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha kibao ili kije kwenye ncha. Wa kulia unakaa karibu palepale. Jambo hilo dogo huwashangaza wanafunzi wote. Wanadhani kalamu ndiyo inayokwenda.

Maduka huuza seti za kalamu kumi na mbili. Usinunue. Kwa vibao vidogo nilitumia kalamu mbili kwa miaka minane ya kwanza na sikukosa kitu. Moja ni ya ncha ya pembe tatu, iliyonolewa pande zake zikutane kwa nyuzi 105 au 120, kwa ajili ya herufi zote. Nyingine ni bapa, upana wa milimita 1 hivi, ya kufungua sehemu nene za herufi kubwa na kuchimba mapambo. Ncha ya nyuzi 90 hutoa mstari mwembamba wenye kina, mzuri kwa mwandiko wa kuunganisha, lakini kwa anayeanza inazama upesi na kuvunjika. Ile ya 120 inasamehe: ukiibonyeza kidogo tu mstari unapanuka, unauona vizuri, na ncha yake ina nyama ya kutosha.

Kuhusu chuma cha kalamu, yapo mabishano ambayo naona yamepewa uzito kuliko yanavyostahili. Chuma cha kawaida cha kaboni kinanoleka haraka sana na kwa shaba kinatosha kabisa, ila kikipata moto wakati wa kusaga kinakuwa laini na ncha haikai tena. Chuma kile kinachotengenezewa kekee nzuri kinavumilia moto huo na kukaa na makali muda mrefu zaidi. Ndicho ninachompa mwanafunzi. Kabaidi ya tangsteni ni ngumu kuliko vyote viwili na inakaa na makali siku nyingi, lakini ni kama kioo. Ukiipindisha pembeni ndani ya mfereji, ncha inakatika na kubaki humohumo. Pia inadai kunolewa kwa jiwe la almasi. Mkono ukishatulia, nenda kwenye kabaidi. Kabla ya hapo utakuwa unavunja ncha tu.

Lakini hata kalamu bora ikinolewa vibaya ni msumari. Hapa ndipo ninapotamani makala yenu ingetumia nusu ya nafasi yake. Uso wa kalamu, ule mshazari wa mbele, kwa shaba naukata kwa nyuzi 45. Chini ya ncha kuna kisigino, vijiuso viwili vidogo vinavyoiinua kalamu ili mkono usisugue kibao. Hivyo navipa nyuzi 15 hadi 20. Kisigino kiwe kifupi sana, chini ya nusu milimita. Kikiwa kirefu, unapopinda herufi kinaburuta ukuta wa nje wa mfereji na kuuchubua, nawe unabaki kujiuliza kwa nini O yako ina mkia upande mmoja. Nimeona watu wakibadilisha kalamu, wakibadilisha shaba, wakinunua mashine, na tatizo lilikuwa kisigino cha milimita moja na nusu.

Anza kwa jiwe la kunolea la namba 600, maliza kwa la 1200 lililo laini zaidi, kisha ng'arisha kisigino kwa unga wa almasi juu ya kipande cha ngozi au shaba bapa. Mng'aro wa mfereji unatoka kwenye kisigino. Kikiwa na mikwaruzo, kila mkwaruzo utajiandika ndani ya herufi zako kwa urefu wake wote. Pembe hizo hazishikiki vizuri kwa jicho. Tumia kishikio kidogo cha kunolea chenye kupima nyuzi, au chonga kigingi cha mbao chenye mshazari uliopimwa. Mimi bado natumia kigingi. Kupima makali, iweke ncha juu ya ukucha bila kubonyeza. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe. Ikikwama palepale ilipogusa, anza kazi.

Na urefu wa kalamu upimwe kwa mkono wako. Mpini ukiwa kiganjani, ncha ipite kidole gumba kwa sentimita mbili au tatu, si zaidi. Kalamu nyingi huja ndefu kwa sababu muuzaji hajui mkono wa mnunuzi. Kata mkia wake kabla ya kuutia kwenye mpini.

Kuna jambo linalofanana na hili la urefu ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya vifaa: kukibana kibao. Kibao cha milimita 40 kwa 15 hakishikiki kwa vidole, na jiliwa la kawaida la benchi linakikunja katikati. Wenye uwezo hutumia jiliwa la duara, zito, linalozunguka juu ya kiti chake kama mpira kwenye bakuli, na ni raha kwelikweli. Lakini nilianza na kipande cha mbao ngumu nilichokipaka lami iliyopashwa moto. Unakilaza kibao juu ya lami ingali laini, unasubiri ipoe, na kibao kinashikwa mgongo mzima bila kubanwa popote. Ukimaliza unapasha tena kidogo, kinaachia, unafuta mabaki kwa mafuta ya taa. Gundi ya karatasi yenye kunata pande mbili nayo inafaa kwa kazi nyepesi, mradi mgongo wa kibao umefutwa mafuta yote. Kile mkono wa kushoto unachozungusha ni hicho kipande cha mbao, na chini yake weka mfuko mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga ili kizunguke kirahisi.

Taa moja iliyo pembeni, chini, yenye mwanga mwepesi uliochujwa kwa karatasi nyeupe. Taa kali ya juu inarudisha mwanga machoni na hutaona mfereji. Lenzi ya kukuza mara tatu hivi ya kuvaa kichwani inatosha; hadubini ni anasa ya baadaye.

Sasa mashine. Sizipingi, ninazo mbili, na kazi za vibao mia vya namba siwezi kuzifanya kwa mkono. Ninachopinga ni mtu kuinunua mashine bila kujua kisu chake.

Mashine ya zamani ya kuchorea herufi ni pantografu, mikono minne iliyoungwa kwa bawaba: upande mmoja unafuatisha herufi kubwa ya kuigia, upande wa pili unachora herufi hiyohiyo ikiwa ndogo. Wazo lake ni la Christoph Scheiner, kasisi Mjerumani, mwaka 1603, naye alilitumia kunakili michoro kwenye karatasi. Uzuri wake kwetu ni kwamba kosa la mkono linapunguzwa pamoja na herufi. Ukiweka uwiano wa 4 kwa 1, mkono ukiteleza milimita moja, kisu kinateleza robo. Mashine za kompyuta zimeuondoa mkono kabisa, lakini kisu kinachogusa shaba ni kilekile.

Kisu hicho ni fimbo ya mviringo iliyokatwa karibu na ncha ikabaki nusu, kama mwezi mchanga ukiutazama kwa mbele, kisha ikachongwa kama penseli. Kina ukingo mmoja tu wa kukatia. Usitumie kisu chenye kingo mbili au nne kwa herufi ndogo; kwenye ncha ya robo milimita hakuna nafasi ya chenga kupita, na shaba itajibana humo. Pembe ya kisu ndiyo inayoamua upana wa mstari. Kisu cha nyuzi 60 kikishuka 0.2 ya milimita hufungua mfereji wa karibu 0.23, ongeza upana wa ncha yenyewe. Cha nyuzi 30 kwa kina kilekile hufungua 0.11 tu.

Hesabu hiyo naitaja kwa sababu ya vibao vilivyopinda. Karibu kila kibao chembamba kilichokatwa kwa mkasi wa mabati kimepinda kidogo. Tuseme katikati kimenyanyuka 0.1 ya milimita, kiasi ambacho jicho halioni. Kisu cha nyuzi 60 kitachora herufi za katikati zikiwa nene kuliko za pembeni kwa 0.115 ya milimita. Kama mstari wako ni wa 0.3, hiyo ni zaidi ya theluthi, na kila mtu ataiona bila kujua anachokiona. Kwa kisu cha nyuzi 90 tofauti ni 0.2, yaani jina linaanza kwa sauti ya chini, linapiga kelele katikati, na kunong'ona mwishoni. Dawa ni mbili. Kilaze kibao kwenye gundi juu ya bamba lililonyooka na ukibonyeze kote, au tumia mashine yenye pua ya springi inayotangulia kisu na kukanyaga shaba, ili kina kipimwe kutoka juu ya kibao chenyewe na si kutoka mezani. Pua hiyo iwe laini na safi. Chenga moja ikiingia chini yake itachora mstari wake wenyewe juu ya jina.

Kuhusu mwendo wa kuzunguka, watu huogopa namba kubwa. Kekee ya milimita 3 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 28 kwa dakika. Kisu cha kuchorea chenye ncha ya 0.25 kikizunguka mara 20,000, ncha yake inakwenda karibu mita 16 tu. Kwa hiyo mzunguko wa haraka si ukatili kwa shaba. Ncha ndogo haiwezi kwenda haraka kupita kiasi. Kinachovunja kisu ni kukisukuma mbele haraka huku kinazunguka polepole. Na shaba ya kuchorea hukatwa kavu. Sitii mafuta.

Leza nitaipitia upesi kwa kuwa siimiliki na nimeitumia kwa wenzangu tu. Zipo za aina mbili na wanunuzi wengi hawaambiwi. Ile ya gesi ya kaboni dioksidi, inayokata mbao na plastiki vizuri, mwanga wake hurudishwa na shaba kama kioo kinavyorudisha jua. Inaweza kuondoa vanishi au kuchoma dawa iliyopakwa juu, lakini haiichimbi shaba. Ile ya nyuzi za kioo, yenye mwanga wa urefu wa wimbi karibu mara kumi mfupi zaidi, ndiyo inayoingia kwenye shaba. Anayetaka leza kwa vibao vya shaba aulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Yule binti wa mwalimu nilimrudishia kibao kilekile. Nilikisugua kwa msasa wa maji hadi uso ukawa mmoja, nikapaka rangi nyeupe ya maji, nikachora mistari kwa penseli iliyochongwa, nikakata jina lote kwa kalamu ya nyuzi 120 kwa mkono. Ilinichukua siku mbili. Sehemu nene za herufi nilizipitia mara tatu hadi kina kikafika robo milimita, kisha nikatia rangi nyeusi ya lakeri, nikaiacha ikauke usiku kucha, na kuipangusa juu. Alipokipokea alipitisha ukucha ndani ya herufi ya kwanza, akaufuata mfereji hadi mwisho wake. Kibao kingali kwenye kabati lile, na kingali kinasuguliwa kila wiki.

Namgeukia kijana wenu. Mwanangu, usikiuze kifaa chako. Tafuta kalamu moja ya ncha ya pembe tatu, jiwe la 600 na la 1200, kipande cha mbao na lami. Chukua kimoja kati ya vile vibao tisa, kigeuze mgongo, na ukate mistari iliyonyooka, milimita moja kati ya mmoja na mwingine, mpaka uone chenga zinatoka sawasawa bila kukwama. Kisha mipindo, ukizungusha kibao. Kisha O, nyingi. Mgongo wa vibao tisa unatosha kwa mwezi mzima. Kifaa chako cha umeme kitatoboa mashimo mawili ya skrubu, baada ya kutia alama kwa sindano ili kekee isiteleze. Kitalainisha kona zilizoachwa na mkasi. Kwa brashi ya sufi kitang'arisha uso. Yote hayo yafanye kabla ya kukata herufi ya kwanza, maana kekee ikiteleza juu ya kibao kitupu unapoteza shaba tu, na sufi ikipita juu ya herufi zilizokwisha kukatwa inaviringisha kingo zake na kuzifanya zionekane zimechakaa siku ileile zilipozaliwa.

Wako katika kazi,
Mchora vibao vya shaba